Maswali ya daktari wa meno yana historia ndefu

Mtu aliyekesha usiku mzima akishika shavu hataki maswali mengi. Anataka jino litoke, au apewe kidonge, arudi nyumbani alale. Ndiyo maana wagonjwa wengi hushangaa, hata hukasirika, wanapofika kwa daktari wa meno na kuanza kuulizwa: Mama, una mimba? Mtoto ana kilo ngapi? Baba, moyo wako uko salama? Kuna dawa ambayo mwili wako unaikataa? Tangu jana umemeza nini?

Maswali hayo kila moja lina historia yake, na mara nyingi ni historia ya watu walioumia au waliokufa kabla shule za meno hazijajua namna ya kufundisha dawa. Somo lenyewe linaitwa farmakolojia, ni kusema elimu ya dawa: dawa inaingia mwilini vipi, inafanya kazi gani, inatoka vipi, na kwa mtu gani inageuka sumu. Kwa familia za wahami zinazonunua vidonge kimoja kimoja sokoni, historia hiyo inafaa kujulikana, kwa sababu makosa ya zamani yanaweza kurudiwa hata leo.

Shule ya kwanza na wanafunzi watano

Zamani huko Ulaya na Amerika, kung'oa jino ilikuwa kazi ya mikono. Vinyozi walinyoa ndevu na kung'oa meno kwenye kiti kilekile. Aliyetaka kujifunza alikaa kando ya fundi, akaangalia, kisha akajaribu. Mwaka wa 1728, Mfaransa Pierre Fauchard alitoa kitabu kikubwa kuhusu upasuaji wa meno, na tangu hapo kazi hiyo ikaanza kuheshimiwa. Lakini shule ya meno haikuwepo bado.

Ilikuja mwaka wa 1840. Jimbo la Maryland nchini Marekani liliruhusu shule ya kwanza ya udaktari wa meno duniani ifunguliwe katika mji wa Baltimore. Waanzilishi wake walikuwa Horace Hayden na Chapin Harris. Masomo yalianza na wanafunzi watano tu na walimu wanne. Mwaka uliofuata, wawili kati ya wanafunzi hao walipata shahada.

La kuangalia hapa ni namna walimu wanne walivyogawana kazi. Mmoja wao, Thomas Bond, alipewa magonjwa ya kinywa na tiba yake. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza waanzilishi walikubali kwamba mkono mzuri hautoshi: mwenye kushika koleo lazima ajue pia kilicho ndani ya chupa.

Hitaji hilo lilionekana wazi. Miaka minne kabla ya shule kufunguliwa, yaani 1836, daktari wa meno wa New York aitwaye Shearjashub Spooner alichapisha kitabu akishauri arseniki iwekwe ndani ya jino lililotoboka ili kuua mshipa wa fahamu. Maumivu yaliisha kweli, na njia hiyo ikaenea. Lakini arseniki ni sumu. Ikivuja kando ya jino, inaua ufizi na mfupa ulioshikilia meno. Mtu aliingia na jino moja bovu, akatoka na taya linalooza.

Gesi iliyoshindwa mbele ya watu

Tarehe 10 Desemba 1844, katika mji wa Hartford nchini Marekani, daktari wa meno Horace Wells alikwenda kuangalia onyesho la gesi inayochekesha watu. Kijana mmoja aliyevuta gesi hiyo aligonga mguu wake hadi ukatoka damu, lakini hakuhisi kitu. Wells akashika wazo. Kesho yake alivuta gesi mwenyewe, na mwenzake John Riggs akamng'oa jino. Hakusikia maumivu.

Mwezi wa Januari 1845 Wells alikwenda Boston kuonyesha ugunduzi wake mbele ya wanafunzi wa udaktari. Siku hiyo mgonjwa alipiga kelele jino likitolewa, na watazamaji wakamzomea Wells na kumwita mdanganyifu. Gesi yenyewe haikuwa na kosa, na hadi leo inatumika. Kilichokosekana ni elimu ya kipimo: gesi kiasi gani, kwa dakika ngapi, kwa mtu wa mwili gani, na dalili zipi zinaonyesha kwamba sasa amelala vya kutosha.

Mwanafunzi wake wa zamani, William Morton, ambaye pia alikuwa daktari wa meno, alifaulu kwa dawa nyingine. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali kubwa ya Boston, alimvutisha mgonjwa etha, na daktari mpasuaji akamkata uvimbe shingoni bila mgonjwa kulia. Habari hiyo ilizunguka dunia. Kwa hiyo usingizi wa upasuaji, ambao leo unawasaidia akina mama wanaojifungua kwa kupasuliwa na majeruhi wa risasi, ulipitia mikononi mwa madaktari wa meno.

Wells hakupata heshima hiyo akiwa hai. Alianza kujijaribia klorofomu yeye mwenyewe, akili ikavurugika, akakamatwa na polisi, na Januari 1848 akajiua akiwa gerezani. Alikuwa na miaka 33. Leo mwanafunzi wa meno hafundishwi kujijaribia dawa. Anafundishwa kwamba dawa inayopita kwenye ubongo ni ya kupimwa, na kwamba mgonjwa aliyelazwa usingizi haachwi peke yake hata dakika moja.

Ganzi iliyowashika waliokuwa wakiitafuta

Mwaka wa 1884, daktari Carl Koller wa mji wa Vienna alionyesha kwamba matone ya kokeini yanaweza kutia ganzi jicho. Muda si mrefu, huko New York, daktari mpasuaji William Halsted na wenzake walichoma kokeini karibu na mshipa wa fahamu wa taya la chini. Nusu ya taya ikafa ganzi. Njia hiyo ya sindano ndiyo msingi wa ile inayotumika hadi sasa kwa meno ya chini.

Halsted na wenzake walijaribu dawa hiyo kwenye miili yao wenyewe, na kokeini ikawashika. Halsted alibaki daktari mwenye jina kubwa, lakini alipigana na ulevi wa dawa kwa miaka mingi.

Wakati huohuo wafanyabiashara walikimbilia dawa hiyo mpya. Mwaka wa 1885, katika mji wa Albany nchini Marekani, kampuni moja iliuza matone ya kokeini ya kutuliza jino kwa senti 15. Tangazo lake lilikuwa na picha ya watoto wanaocheza. Mzazi yeyote aliweza kununua bila karatasi ya daktari. Sheria ya Marekani ya 1906 ndiyo iliyolazimisha watengenezaji kuandika kwenye chupa kama ndani kuna kokeini, afyuni au vitu vingine vya hatari.

Dawa iliyo salama zaidi ilitafutwa. Mwanakemia Mjerumani Alfred Einhorn alitengeneza prokaini, na mwaka wa 1905 ikaanza kutumika, ikichanganywa na adrenalini. Mwaka wa 1943 Nils Löfgren na Bengt Lundqvist wa Uswidi walipata lidokaini, ambayo iliingia sokoni mwaka wa 1948. Wauguzi wengi wa kwetu wanaijua kwa jina la Xylocaine.

Hapa ndipo swali la kilo za mtoto linapotoka. Lidokaini ni dawa nzuri, lakini ikizidi inaanza kusumbua ubongo na moyo: mgonjwa anahisi masikio yanalia, anatetemeka, anaweza kupata degedege. Kipimo kinachofundishwa sana kwa watoto ni miligramu 4.4 kwa kila kilo ya mwili, na si zaidi. Kichupa kimoja cha kawaida cha meno kina miligramu 36. Mtoto wa kilo 15 anafikia mwisho wake kwa miligramu 66, yaani hata vichupa viwili havitimii. Mtu mzima wa kilo 60 anafika karibu vichupa saba. Anayechoma bila kuuliza kilo anacheza na maisha ya mtoto.

Swali la moyo nalo linatoka hapo. Adrenalini inabana mishipa ya damu ili ganzi ikae mahali pake na damu isitoke sana. Lakini inaharakisha pia mapigo ya moyo. Kwa mwenye presha ya juu sana au ugonjwa wa moyo, daktari anapunguza kiasi au anachagua njia nyingine.

Unga wa kutuliza watoto

Huko Uingereza, kwa miaka mingi, wazazi walinunua unga wa kuwatuliza watoto wanaoota meno. Unga huo ulikuwa na kalomeli, ambayo ni aina ya zebaki. Watoto wengi walishikwa na ugonjwa wa ajabu: mikono na miguu ikawa myekundu na kuuma, ngozi ikabanduka, mtoto akakataa chakula, akalia usiku na mchana. Wengine walipoteza meno, wengine walikufa. Madaktari walitafuta chanzo kwenye chakula na kwenye vijidudu. Ni katika miaka ya 1940 tu, daktari Josef Warkany na mwenzake huko Marekani walipoona zebaki katika mkojo wa watoto hao. Unga ulipotolewa sokoni katika miaka ya 1950, ugonjwa nao ukapotea karibu kabisa.

Wazazi hao hawakuwa wabaya. Walinunua dawa iliyouzwa waziwazi, iliyopendekezwa na jirani, na iliyofanya mtoto anyamaze.

Ripoti iliyobadilisha shule

Mwanzoni mwa karne iliyopita, shule za meno nchini Marekani zilikuwa nyingi, lakini kadhaa zilikuwa biashara tu: lipa, kaa muda mfupi, chukua cheti. Mwanasayansi William Gies, mwalimu wa kemia ya mwili katika Chuo Kikuu cha Columbia, alitembelea shule zote za meno za Marekani na Kanada. Ripoti yake ilitoka mwaka wa 1926. Alisema kwamba udaktari wa meno ni sehemu ya tiba ya mwili mzima, na kwa hiyo shule zake zinapaswa kuwa ndani ya vyuo vikuu, zenye maabara na walimu wa sayansi.

Ripoti hiyo iliathiri masomo ya dawa moja kwa moja. Kabla ya hapo, mwanafunzi alikariri orodha ya chupa na matumizi yake. Baadaye alianza kusoma mwili kwanza: ini linavunja dawa vipi, figo zinaitoa vipi, na kwa nini mzee, mtoto na mama mjamzito si sawa mbele ya kidonge kimoja.

Antibiotiki: baraka na onyo

Penisilini ilipoanza kupatikana katika miaka ya 1940, madaktari wa meno walifurahi kama madaktari wengine. Jipu la jino, ambalo zamani liliweza kushuka shingoni na kuua, sasa lilikuwa na dawa. Lakini Alexander Fleming, aliyeigundua mwaka wa 1928, alitoa onyo mapema. Alipopokea tuzo ya Nobel mwaka wa 1945, alieleza kwamba siku moja watu watajinunulia penisilini na kumeza kidogo kuliko inavyotakiwa, na vijidudu ambavyo havikufa vitajifunza kuishi na dawa, kisha vitahamia kwa mtu mwingine.

Jambo lingine lilitokea kwa dawa ya tetrasaiklini. Kufikia mwaka wa 1956 madaktari wa Marekani walikuwa wameona kwamba watoto walioitumia wameota meno ya manjano au ya kahawia. Dawa hiyo inajishika kwenye jino linalojengwa na haitoki tena, hata kwa kupiga mswaki. Ndiyo sababu daktari anauliza kama mama ana mimba na kama mtoto ana chini ya miaka minane: katika muda huo meno ya kudumu bado yanajengwa ndani ya ufizi.

Elimu yenyewe imebadilika pia. Mwaka wa 1955, chama cha madaktari wa moyo cha Marekani kilishauri wagonjwa fulani wa moyo wapewe antibiotiki kabla ya kung'olewa jino, kwa sababu vijidudu vya kinywa vinaweza kupita kwenye damu na kushika moyo. Mwaka wa 2007 chama hichohicho kilipunguza orodha ya wanaohitaji, kikabakiza walio katika hatari kubwa zaidi. Daktari aliyesoma zamani bila kurudi kwenye masomo anaweza kuendelea kutoa dawa isiyohitajika tena.

Hatua sita

Mwaka wa 1994 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kuwafundisha wanafunzi namna ya kuandika dawa. Hakianzi na dawa. Kinaanza na mgonjwa. Mwanafunzi anajiuliza kwanza: shida ni nini hasa? Kisha: ninataka kufikia nini? Halafu anachagua tiba inayomfaa mgonjwa huyu, anaandika vizuri, anamweleza mgonjwa, na mwishoni anafuata kuona kama tiba imefaulu.

Hatua hizo zinaonyesha jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: mara nyingi jino linalouma halihitaji antibiotiki. Kama kiini cha jino kimevimba, kidonge cha antibiotiki hakikifikii vizuri, na maumivu yatarudi. Kinachotibu ni kusafisha jino, kuziba, kutoa usaha au kung'oa. Antibiotiki inahitajika pale uchafu unapoenea: uso unavimba, homa inapanda, mdomo haufunguki, au kumeza kunakuwa kugumu. Dalili hizo ni za kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, si za kungoja soko.

Mashariki mwa Kongo, sokoni na kambini

Nchini Kongo udaktari wa meno una kitivo chake katika Chuo Kikuu cha Kinshasa. Lakini Kinshasa ni mbali na Masisi, Rutshuru au Fizi. Katika vituo vingi vya afya mashariki, mwenye kuumwa jino anapokelewa na muuguzi. Katika kambi za wahami, mara nyingine anayempokea wa kwanza ni muuza vidonge kando ya njia.

Hapo historia yote hii inakutana na mtu mmoja mwenye franga chache mkononi. Ananunua vidonge viwili vya amoksisilini kwa sababu fedha haitoshi kwa dozi nzima: ndilo jambo ambalo Fleming aliogopa. Anafungua kapsuli na kumwaga unga kwenye tundu la jino: unga hauingii mwilini kwa kipimo, na jino linabaki bovu. Anaweka aspirini kwenye ufizi: aspirini ni asidi, inaunguza nyama ya kinywa, na kwa watoto haipaswi kutolewa bila daktari. Anaongeza paracetamoli juu ya paracetamoli yenye jina lingine: mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, kwa sababu ini linaharibika kimyakimya. Ibuprofeni nayo inaweza kumdhuru mama mwenye mimba kubwa na mwenye vidonda vya tumbo.

Kuna ugonjwa mmoja ambao wazazi wa kambini wanapaswa kuujua kwa jina: noma. Unaanza kama kidonda cha ufizi kinachotoka damu na kunuka, hasa kwa mtoto mdogo aliyekosa lishe au aliyetoka kuugua surua. Baada ya siku chache unaweza kula shavu na mfupa. Shirika la Afya Duniani linasema bila matibabu watoto tisa kati ya kumi wanaoupata hufa. Mwezi wa Desemba 2023 shirika hilo liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahaulika. Ukikamatwa mapema, antibiotiki za kawaida, usafi wa kinywa na chakula chenye nguvu vinaweza kuuzuia. Kwa hiyo muuguzi aliyefundishwa dawa za kinywa, hata bila kiti cha kisasa cha meno, anaweza kuokoa uso wa mtoto.

Hapo ndipo elimu hii inapaswa kufika: kwa muuguzi wa kijijini kama kwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Vifaa vya meno ni ghali, lakini kuuliza maswali matano hakuhitaji umeme wala jenereta.

Mgonjwa naye ana kazi yake. Anapokwenda kutibiwa jino, abebe pakiti au chupa za dawa zote alizokwisha kumeza, hata za miti shamba. Aseme kama ana mimba au ananyonyesha, kama ana presha, kisukari, kifafa au ugonjwa wa moyo, kama anatumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya Ukimwi, na kama kuna dawa iliyowahi kumvimbisha au kumwasha mwili. Akipewa antibiotiki, amalize siku alizoambiwa, na zisizotumika asimpe jirani. Na kama aliyeshika sindano hajauliza kitu chochote, mgonjwa ana haki ya kuanza yeye: "Munganga, kabla hujanichoma, nina neno la kukuambia."